Mzee wa Usalama na Sheria Yake ya Bangi

Sijui kama kweli alikuwa na pua kali kuliko watu wengine au alitaka tu tuamini hivyo. Kila asubuhi, kabla ya saa kumi na mbili, alisimama penye mlango wa wafanyakazi wa ghala letu, kizibao cha njano kimefungwa vifungo vyote, na kila mtu alipopita mbele yake yeye alivuta pumzi kidogo, kama mpishi anayeonja mchuzi kwa mbali. Nikimwamkia, "Shikamoo Mzee," anajibu, "Marahaba. Nionyeshe viatu." Unamwonyesha. Anakubonyeza ncha ya kiatu kwa kidole gumba kuhakikisha chuma kimo, ndipo unaingia.

Ghala lilikuwa la vigae vya sakafu, karibu na uwanja wa ndege wa Toronto, mahali ambapo ndege zikishuka inabidi unyamaze katikati ya neno. Tulifika kwa basi la Kipling, au la Dixon, kila mtu na mfuko wake wa chakula. Yeye kazi yake ilikuwa kuzuia watu wasiumie, na sisi Waswahili tukamwita Mzee wa Usalama. Wengine walikata wakabaki na "Mzee", na meneja, mzaliwa wa hapahapa Toronto, alidhani hilo ndilo jina lake la kuzaliwa. Aliliandika hivyo kwenye kabati la Mzee la nguo. Mzee hakumsahihisha.

Alitembea na chaki mfukoni. Akiona ufa sakafuni, tone la mafuta, msumari, anachora duara. Siku nyingine sakafu nzima ilijaa maduara utadhani watoto wamecheza. Chakula alikula kwa kusimama: viazi vitamu vya kuchemsha na chai ya chupa, mgongo wake ameuegemeza ukutani. Nilifikiri ni tabia tu. Baadaye nilijua kwamba akikaa alipata shida kuinuka, na hakutaka tuone.

Wakati wa baridi alikuwa anachukua chumvi ya ghala, ile ya kuyeyushia barafu, na kwenda kuimwaga kituo cha basi, mahali ambapo si petu wala si pake. Msikitini pia, nimesikia kwa watu wanaosali naye, alikuwa akipanga viatu vya wenzake mlangoni ili mtu asijikwae akitoka. Hakuweza kutulia. Hata ukizungumza naye macho yake yalikuwa juu, kwenye rafu, yakihesabu ni boksi lipi limekaa vibaya.

Bangi aliichukia kuliko kitu chochote. Miaka hiyo ilikuwa bado haramu, na hadithi yake ilikuwa moja. Zamani, alipokuwa mnyapara katika kiwanda cha saruji huko Tanga, alimwona mtu akinaswa mkono na mkanda wa mashine. "Alikuwa amevuta," alisema. "Mkono ukaenda mpaka hapa." Anakuonyesha begani. Niliisikia hadithi hiyo mara nyingi, na kwa sababu mimi ni karani na kazi yangu ni kulinganisha karatasi, niligundua kwamba haikuwa ikifanana kila mara. Kuna siku yule mtu alikuwa amevuta bangi. Kuna siku alikuwa amekunywa gongo. Siku moja, Mzee akiwa na homa, alisema tu kwamba yule mtu alisinzia. Sikumuuliza.

Ulipofika mwaka wa bangi kuhalalishwa, chumba cha mapumziko kilichemka. Akinyi, Mkenya wa Kisumu aliyefunga maboksi meza moja na mimi kabla sijapewa ukarani, alikuja na habari kwamba nyumba za vioo za kulimia bangi zinatafuta watu, mamia, kazi ya ndani, joto la kutosha, hakuna kubeba vigae. "Serikali ikishaingia, hiyo ni ofisi kama ofisi nyingine," alisema. "Mimi naenda. Mgongo wangu si wa kigae."

"Unaenda kulima sumu," Mzee akamwambia.

"Naenda kulima mshahara, Mzee. Wewe ungekuwa na miaka yangu ungeenda."

Mzee akageuka kwetu tuliobaki. Alisema tutaona: vijana wataacha kuamka asubuhi, kazi zitakosa watu, na watu watakosa kazi, vyote kwa pamoja. Akinyi alikuwa ameshavaa koti. Alisimama mlangoni akasema neno ambalo sikulisahau. "Mimi sioni hivyo. Naona mtu atavuta kihalali Jumamosi, halafu afutwe kihalali Jumatatu. Hapo ndipo kazi zitapotea."

Wiki hiyohiyo Mzee aliandika sheria. Meneja alimwomba, kwa kuwa makao makuu yalitaka kila ghala liwe na yake. Aliiandika kwa mkono kwanza, akaniletea niipige chapa. Ilikuwa fupi. Ajali ikitokea, kila aliyehusika atapimwa mkojo. Atakayekutwa na bangi hatagusa mashine tena katika ghala hili. Nilimuuliza kama neno "aliyehusika" si pana mno. Akasema, "Pana ndiyo salama." Tukaibandika ukutani, juu ya jiko la kupashia chakula.

Wa kwanza kukamatwa na sheria hiyo alikuwa Bahati.

Bahati alikuwa Mkongo wa Bukavu, dereva wa foklifti, ile gari ndogo ya kunyanyulia mizigo, mtu mpole, mwenye sauti ya kuimba kwaya. Hakuajiriwa na ghala moja kwa moja. Alikuja kwa wakala wa kazi. Watu wa wakala hutumiwa ujumbe wa simu kila jioni: kesho njoo, au kesho usije. Siku hiyo aligonga nguzo ya rafu akirudi nyuma. Maboksi matatu yalianguka, vigae vikavunjika. Hakuna aliyeumia. Mzee alikuja mbio, akachora duara kuzunguka vipande vile, akamchukua Bahati kwenda kliniki. Majibu yalipotoka, bangi ilikuwemo.

Waliitana ofisini kwangu, kwa sababu ndipo palipokuwa na mlango unaofungika.

"Papa, sikia," Bahati alimwambia. "Nilivuta siku ya posho, ile munaita Jumamosi. Kwa nyumba yangu, na muke wangu. Leo ni siku ya ine, Alhamisi yenu. Serikali yenyewe ilisema ni ruhusa. Sasa munanipima mimi ao munapima ile wiki yote?"

Mzee alikuwa akitazama karatasi. "Kipimo kimesema."

"Kipimo haijue siku. Wewe unajua. Ulinionaka asubuhi kwa mlango. Nilinuka?"

Mzee alinisogezea fomu ya taarifa ya ajali. Ilikuwa na swali kuhusu macho ya mhusika, kama yalikuwa mekundu. Yalikuwa mekundu kweli. Nikaandika ndiyo, nikatia sahihi kama shahidi. Orodha ya zamu ilikuwa palepale mezani, chini ya mkono wangu, nayo ilionyesha kwamba Bahati alikuwa kwenye siku ya sita mfululizo kazini, na mbili kati ya hizo alifanya zamu mbili. Fomu haikuuliza hilo. Nami kibarua changu cha ukarani kilikuwa bado cha majaribio. Niliiacha orodha palepale.

Hakufukuzwa. Watu wa wakala hawafukuzwi. Jioni ile ujumbe haukuja, na kesho yake haukuja, na haukuja tena.

Baada ya hapo Mzee alibadilika, ingawa ukimuuliza mtu mwingine wa ghala atakwambia hapana. Alizidisha maduara. Alianza kurudi ofisini kwangu bila sababu, anafungua faili la Bahati, analifunga. Siku moja aliniuliza Wakongo wa mtaa wa Rexdale wanasali kanisa gani. Nikamwambia yapo mengi. Akatoka.

Kisha akaugua mgongo, akakosekana siku tatu, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea. Nilimpelekea supu nyumbani kwake, mtaa wa Kingsview Village, orofa ya tisa, kwenye yale maghorofa ya Dixon. Alinifungulia binti yake, msichana wa chuo. Nilimsalimia kwa Kiswahili, akaitikia kwa Kiingereza, akanionyesha chumba. Mzee alikuwa amelala chali sakafuni, juu ya zulia, miguu ameiweka kitini. Nilikuwa sijawahi kumwona bila kizibao. Alionekana mdogo.

Pembeni yake palikuwa na bakuli la uji na kichupa cheusi chenye kidondoshi. Niliokota kichupa ili nipate pa kuweka supu. Nikasoma.

"Mzee, hii ni bangi."

"Ni dawa."

"Ya duka gani?"

"Kaninunulia binti yangu. Matone matano chini ya ulimi, nikitaka kulala." Alikuwa akitazama dari. "Vidonge vya hospitali vilinimaliza tumbo. Miaka miwili sijalala usiku mzima. Hii nalala."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya Bahati."

Niliweka kichupa chini. Sikujua niangalie wapi. Binti alikuwa mlangoni, anasikiliza. Kiswahili chote alikielewa. Akasema neno kwa Kiingereza, kwa upole, kwamba baba yake anajitesa bure. Mzee akamwambia atuletee chai.

"Utasema?" akaniuliza.

"Nimwambie nani? Kwani umevunja sheria gani? Hujapata ajali."

"Hilo ndilo linaloniumiza, mwanangu," akasema. "Sijapata ajali."

Nilirudi kwa basi nikiwa na hasira, na sikujua namkasirikia nani. Nilimkasirikia yeye kwa uongo wake, halafu nikaikumbuka sahihi yangu kwenye ile fomu, hasira ikakosa pa kukaa. Wiki nzima nilifanya makosa kazini. Nilipeleka vigae vya bafuni kwa mteja wa jikoni.

Akinyi alirudi majira hayo. Nyumba za vioo zilikuwa zimelima kupita kiasi. Bangi ilijaa maghalani bila wanunuzi, wakapunguza watu kwa mafungu, yeye akawa fungu la pili. Alikuja kuomba meza yake ya zamani. Alikonda, lakini mdomo ulikuwa uleule. "Mzee," alisema, "ulisema ni sumu. Kumbe ni biashara tu. Inaajiri ikipenda, inafuta ikipenda." Mzee alimwonyesha tu mahali pa kutundika koti.

Ajali ya Mzee mwenyewe ilitokea siku moja, saa nne asubuhi. Dereva mpya, kijana wa Kihindi aliyekuja nchini juzijuzi, alikuwa akirudisha foklifti nyuma. Mzee alikuwa ameinama nyuma yake anachora duara. Alipojitupa pembeni alisukuma ngazi, ngazi ikaangusha boksi moja, boksi likampiga mguu. Chuma cha kiatu kilimwokoa vidole. Tulimkalisha. Meneja alikuja, akaangalia vigae, akasema dereva apelekwe kupimwa.

"Na mimi," Mzee akasema.

Meneja akacheka. Akamwambia hapana, wewe ulikuwa umesimama tu, nenda nyumbani ukaweke barafu.

"Soma pale ukutani. Kila aliyehusika."

Meneja akamwita pembeni. Nilisikia kwa sababu nilikuwa nimeshika begi lake. Alimwambia kwamba hakuna anayetaka kufanya jambo hili kuwa kubwa, kwamba yeye ni mtu wa miaka mingi hapa. Nilielewa kwamba meneja alijua habari ya yale matone, au alihisi. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha akavaa koti lake, akaenda kusimama karibu na dereva, na wakapelekwa pamoja. Nilikwenda nao kama karani.

Kwenye benchi la kliniki, dereva akiwa ndani, Mzee alizungumza bila kunitazama. "Yule mtu wa Tanga hakuvuta kitu."

Nikamgeukia.

"Hakunywa wala hakuvuta. Mimi nilikuwa mnyapara, wenzake wawili hawakuja, nikamwambia aendelee na zamu ya pili. Akaniambia, bosi nimechoka. Nikamwambia kila mtu amechoka. Uchunguzi ulipokuja, mtu mmoja akasema labda alikuwa amevuta. Sikubisha. Basi likawa hivyo." Alijikanda goti. "Ukilisema jambo miaka mingi unaliona kwa macho. Mimi ninamwona kabisa yule mtu akivuta."

Mlango ukafunguliwa, wakamwita. Akainuka kwa taabu, akaingia na kikombe chake cha mkojo.

Dereva alikutwa safi. Mzee hakukutwa safi. Kazi yote ya usalama katika ghala lile ilihesabiwa kuwa kazi ya karibu na mashine, naye mwenyewe ndiye aliyeihesabu hivyo. Kwa sheria yake mwenyewe hakubaki na kazi, akafungasha vitu vyake kabla ya chakula cha mchana: chupa ya chai, kizibao, viatu vya akiba. Watu walikuja kumpa mkono. Akinyi alilia, tena kwa sauti, mtu aliyekuwa akigombana naye kila siku.

Kisha ikaja miezi ya kukosa kazi. Nilikuwa nikimpigia kila Ijumaa. Alisema yuko salama, halafu nasikia upepo kwenye simu, najua yuko barabarani, anatembea kutoka ghala hadi ghala na bahasha ya vyeti vyake. Kwenye maghala walimwambia amezidi. Umri, vyeti, mshahara wa zamani. Kila mahali alizidi kitu. Alitembea mpaka soli zikaisha. Binti yake alinieleza kwamba siku moja alimkuta amesimama ndani ya duka la bangi pale karibu na kituo chao, anagombana na muuzaji. Alikuwa amepita dirishani akaona ngazi imeegemezwa vibaya. Aliingia kuwaambia waifunge kamba, na hakutoka mpaka wakaifunga.

Alimtafuta Bahati, na alimpata, katika chumba cha chini cha nyumba moja Brampton, mji wa jirani. Haya nimeyapata kwa Bahati mwenyewe, aliponipigia kuuliza kama nilimpa yule mzee anwani. "Alikuja mara mbili, sikumufungulia," alisema. "Mara ya tatu muke wangu akafungua, juu ya huruma, baridi ilikuwa kali. Akaingia, akakataa kiti. Akasema, 'Nilijua hukuwa umelewa. Nilikuona asubuhi.' Nikamuambia, Papa, hiyo maneno ingenisaidia ile siku. Leo inakusaidia wewe."

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Ni kweli.' Akaacha barua. Ameandika kwa wakala kwamba ile kipimo haikuonyesha kama nililewa siku ile, ameweka jina yake yote." Bahati akaendelea: "Wakala hawakujibu. Lakini hiyo barua nimeichunga."

Nikamwambia Bahati jambo ambalo nilikuwa sijamwambia mtu, la orodha ya zamu chini ya mkono wangu. Alisikiliza. Akasema, "Na wewe pia ungekuja kwa mlango." Nilikwenda Jumapili iliyofuata. Sitaeleza yaliyosemwa, yalikuwa magumu na nilistahili.

Nami mwenyewe nilikuwa nimeshahama. Nilipata kazi Brampton, ghala la vipuri vya magari, na baada ya muda nikawa nakaa na meneja wa pale tunapohoji watu wapya. Ndipo nilipoonana tena na Mzee. Niliita jina kutoka kwenye orodha, jina refu ambalo sikulitambua kwa sababu sikuwahi kulisikia, na Mzee wa Usalama akaingia. Alikuwa amevaa tai. Aliponiona alisimama, nikaona anafikiria kurudi.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, mwanangu." Akakaa. Alikaa taratibu, mikono yote miwili kwenye kiti, mbele yetu.

Meneja alimuuliza maswali ya kawaida. Kisha akauliza kama anatumia kitu chochote. Watu wote hujibu hapana. Tumeshazoea, tunaandika hapana kabla hawajamaliza. Mzee akasema ndiyo, mafuta ya bangi, matone matano, kila usiku, kwa ajili ya mgongo, na asubuhi akili yake ni timamu, lakini kipimo kitasema vingine. Meneja akaweka kalamu chini. Alimshukuru, akamwomba asubiri nje.

Tukabishana nusu saa. Nilimweleza meneja kila kitu, pamoja na vyangu. Mwisho alikubali jambo moja: mbali na mashine, meza ya kubandika lebo, kazi ya kukaa, mshahara wa chini kabisa. Nilitoka kumwambia nikiwa na aibu. Mtu aliyewahi kulinda watu themanini nimletee kazi ya gundi.

Alikuwa ukumbini, amesimama. Nilimweleza. Alinisikiliza huku anawatazama wanawake wa meza ile kupitia kioo, jinsi walivyoinama.

"Zamu ni ya masaa mangapi?"

"Nane, Mzee. Wakati mwingine kumi."

"Mapumziko?"

"Nusu saa. Moja."

"Masaa kumi kwa nusu saa." Alitikisa kichwa. "Kamwambie meneja aongeze. Si kwangu, kwa meza nzima. Akiongeza nitakuja."

Nilidhani anatania. Mtu aliyekaa mwaka na zaidi bila kazi, mwenye binti chuoni, anaweka masharti kwenye meza ya lebo. Nilimkazia macho nimwone akicheka. Hakucheka. Alifunga kifungo cha koti akasubiri.

Nilirudi ndani. Nusu saa ya pili sikuipata. Nilipata dakika kumi na tano, mchana, kwa watu wote wa meza ile, na Jumatatu akaja.